Komamanga Chini ya Uwanja wa Ngoma

Mchanga wa Dzivani ulikuwa na ladha ya komamanga, na hilo ndilo lililomkosesha Umazi raha.

Alikuwa amechutama ukingoni mwa uwanja wa ngoma, macho kayafumba, kionjo kimelala juu ya ulimi wake, chembamba kama ganda la kitunguu. Chini yake, ndani ya tuta la mchanga lililobeba kijiji kizima, siafu wake walikuwa kazini. Si siafu wa kung'ata. Hawa walikuwa wa kauri, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mtama, na kazi yao ilikuwa kuzama, kuonja kila chembe waliyoipitia, na kuipeleka ladha juu kwenye kionjo.

Ladha za madini zilikuja kwa zamu. Ilitangulia ilmenaiti, chungu kama nazi iliyounguzwa na mwali mvivu. Humo ndimo metali ya titani inamotoka. Ikafuata rutili, kali kama ukwaju mbichi. Kisha zirkoni, kipenzi cha waonjaji wote, kwa sababu hunukia iliki. Umazi alizijua ladha hizo kama mpishi ajuavyo viungo vyake hata taa ikizimika. Lakini hii ya sasa ilikuwa tamu, yenye ukakasi mwishoni. Komamanga. Ilikuwa ganeti, vile vijiwe vyekundu vidogo mno, na mto uliolizaa tuta hili haukuwahi kupita kwenye mwamba wenye ganeti.

"Kadiri," aliita kwa sauti ya chini. "Umeisikia?"

"Nimeisikia, nimeipima, nimeihifadhi," ikajibu mashine ya makadirio sikioni mwake. Kadiri ilikuwa na sauti ya mzee aliyeshiba, tena asiyependa kukatizwa. "Na hongera. Hili ndilo tuta tajiri kuliko yote niliyowahi kuyapigia hesabu. Nianze kuandaa tamko?"

"Subiri."

"Nisubiri nini? Wenyeji wameshachinja."

Hapo Kadiri haikukosea. Upande wa pili wa uwanja masufuria yalikuwa yanatoa mvuke, wanawake wanaimba huku wakigeuza mchele kwa miiko mirefu kama makasia, na watoto wameshavaa nguo za sikukuu ilhali hakuna sikukuu. Dzivani ilikuwa imeamua kusherehekea jibu kabla jibu halijatoka.

Nani angewalaumu? Tangu bahari ilipopanda mara ya pili, mtaa wa chini wote ulikwenda na maji. Zahanati ilikuwa makao ya kaa. Maji makuu yakija, yalipiga ngazi za msikiti na kurudi, kama mdai anayebisha hodi kwa adabu lakini hasahau nyumba.

Dawa yake ilikuwa moja tu: ukuta. Na pwani nzima ilikuwa na Msusi mmoja, mashine pana kama kisiwa, iliyosuka kuta za matumbawe hai, ukili juu ya ukili, kama bibi asukavyo mkeka. Ukuta wa Msusi ulikuwa hauvunjiki, ulikua. Lakini Msusi alikula. Chakula chake kilikuwa titani na zirkoni, na ndiyo maana mahali penye mchanga mzito, wenye madini hayo, palisukiwa kwanza. Thamani ya tuta haikutajwa kwa fedha siku hizi. Ilitajwa kwa pima za ukuta: mchanga huu, ukiondoa kile ambacho Msusi atakila kwa jasho la kuuchimba, utasuka pima ngapi? Tuta hafifu lilikuwa kama kumtuma mtu sokoni akakila chakula chote njiani, akafika nyumbani na kapu tupu.

Kadiri ilikuwa na makadirio yake. Lakini sheria ilitaka ulimi wa mtu. Mashine hukadiria, mwonjaji hutamka, na tamko likishatoka Msusi hung'oa nanga.

Umazi alijiinua, akakung'uta magoti. Mkono wake ulikwenda penyewe kwenye mfuko wa pembeni, mahali siafu walipokuwa wakitupa vitu walivyovikuta na visivyoonjeka. Humo mlikuwa na shanga moja, ya buluu, imechakaa upande mmoja.

"Ilitoka kina gani hii?"

"Mkono mmoja chini ya uwanja," ilisema Kadiri. "Takataka."

"Mkono mzima? Nani alifukia shanga mkono mzima chini?"

"Swali hilo halimo katika makadirio," ikajibu Kadiri, na kweli halikuwamo.

*

"Mgeni wetu huyo! Mpisheni mgeni wetu apite!" alipaza sauti Bi Mejumaa kutoka kwenye masufuria, na wanawake wote wakaangua kicheko.

Mgeni wetu. Bi Mejumaa alikuwa mama mzazi wa mama yake Umazi. Ndiye aliyemwogesha Umazi siku ya arobaini yake, ndiye aliyemfunza kufunga leso isidondoke. Kura ya kazi ilipomwangukia kuja kuonja Dzivani, Umazi aliwaeleza wakuu wake waziwazi kwamba pale ni kwa mama yake, na mwonjaji haonji kwa jamaa zake. Wakautazama mfumo. Mfumo ulihesabu ukoo kwa baba peke yake, ukasema mwonjaji Umazi Mwero hana jamaa Dzivani. Wakamwambia asibishane na mfumo. Basi kijiji kizima kikashika mchezo: kila aliyemlea alimwamkia kwa heshima kubwa ya mgeni, kisha akamkonyeza.

Chini ya turubai alikuwa ameketi Bwana Sikuku, mkaguzi wa Mamlaka ya Kuta, mtu wa bara mwenye tumbo la furaha, kazi yake kushuhudia tamko na kuhakikisha hakuna aliyedanganya. Alikuwa amekirimiwa sahani ya pili, na alikuwa anafundisha sheria huku akitafuna.

"Watu wana vituko, mama," alikuwa akimwambia Bi Mejumaa. "Kuna mahali walikuwa wanavuka na mashua, wanauiba mchanga mweusi wa majirani, wanaumwaga kwao ili siafu waukute. Ndipo ikatungwa Sheria ya Chembe. Chembe ni ya pale mawimbi yalipoilaza mara ya kwanza. Ibebwe iendako, mwenyewe ni yuleyule. Na ukuta wa mwenyewe sharti uukinge mchanga wake wote, hata ule uliobebwa, popote ulipo. Mwizi hapati faida, na aliyeibiwa hapotezi kitu."

"Sheria tamu hiyo," alisema Bi Mejumaa. "Ongeza pilau."

Bwana Sikuku hakungoja kubembelezwa. Akachovya upawa katikati ya sufuria, akatoa nyama tupu. Akachovya tena palepale, nyama tena.

"Mama! Pilau hili halina mchele! Ni nyama mtindo mmoja!"

"Lini litakuwa na mchele, bwana mkaguzi, na wewe unachota kifua cha sufuria tu?" Bi Mejumaa alishika kiuno. "Nimeipanga nyama katikati kwa heshima ya wageni. Chota pembeni huko ukutane na ukoko, ndipo uje unipe hesabu ya pilau langu!"

Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Umazi peke yake hakucheka. Alisimama na shanga mkononi, akaukodolea macho upawa ule kama mtu aliyeona nyoka.

"Kadiri," alinong'ona, "nionyeshe siafu walikoingilia."

Ramani ikafunguka mbele ya jicho lake la kulia. Tuta la Dzivani, refu, limelala kama ng'ombe aliyechoka. Siafu walitakiwa kutawanywa sawasawa. Lakini makaburi yalikuwa yamekatazwa na wazee. Sakafu za nyumba zilikuwa za saruji. Kwenye minazi, mizizi ilikuwa imefumana kama wavu. Mahali pekee palipokuwa wazi, pasipo na wa kukataza, palikuwa uwanja wa ngoma. Huko ndiko siafu walikokuwa wameingia, karibu wote. Na kwingine kote Kadiri ilikuwa imejaza mapengo kwa kanuni yake ya siku zote: jirani hufanana na jirani. Iliuonja uwanja, ikaamini tuta zima ni uwanja.

"Tumechota nyama tu," alisema Umazi.

"Samahani?" ilisema Kadiri.

"Wapeleke siafu pembeni. Chini ya njia ya kisimani, nyuma ya msikiti, popote penye upenyo wa kidole. Kimyakimya."

Alipoirudisha ladha ulimini, nazi iliyoungua ilikuwa kwa mbali sana, kama harufu ya jiko la jirani wa tatu. Iliki hakuna. Ukwaju hakuna. Mchanga mweupe tu, usio na ladha, kama wali wa mgonjwa.

*

Alimvuta bibi yake nyuma ya stoo ya majembe, akamfungulia kiganja.

"Bibi, hii unaijua?"

Bi Mejumaa aliitwaa ile shanga, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, kisha uso wake wote ukachanua. "Alaa! Hii ni ya kiunoni. Ya bibi-arusi. Umeipata wapi?"

"Chini ya uwanja wa ngoma. Mkono mzima chini."

"Si ajabu. Usiku wa kucheza, nyuzi ngapi zimekatikia pale! Wangu pia ulikatika. Babu yako aliokota shanga nusu, nusu zikamezwa na mchanga."

"Bibi, mchanga ule mweusi wa uwanjani umetoka wapi?"

Bi Mejumaa alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji ya kisima yametoka wapi. "Kwetu."

"Kwenu wapi?"

"We mwana, mtu ana kwao kungapi? Kirindini! Ng'ambo ya hori. Kwani wake wa Dzivani wametoka wapi tangu dunia iumbwe?"

Hilo Umazi alilijua. Dzivani na Kirindini, waliotenganishwa na hori tu, mkono mwembamba wa bahari, walikuwa watani wa tangu na tangu. Dzivani waliwaita wenzao waoga-matope. Kirindini waliwaita Dzivani wavulana wasiojua kutwanga. Na katikati ya matusi hayo yote, kila mwaka, walioana. Ila jambo moja hakuwahi kulisikia, kwa sababu harusi yake bado, na mambo mengine huambiwa bibi-arusi tu.

"Siku unaolewa," alisema Bi Mejumaa, "mama yako anakupeleka mdomoni mwa hori, maji yakiwa yamekauka kabisa. Hapo chini pana mchanga mweusi unaochoma nyayo. Mihogo haioti, kaa hawakai, wanaume hawaendi, hauna kazi. Unajaza kapu. Ukifika kwa mume, kabla hujacheza, unalimwaga kapu lako uwanjani, unausawazisha mchanga kwa nyayo. Ndipo unacheza. Mke hachezi ugenini, mwanangu. Anacheza kwao."

"Kila bibi-arusi?"

"Kila mmoja. Mimi, mama yangu mkwe, mama yake yeye, hadi kule nyuma wasikojulikana majina. Mwaka wa harusi nyingi uwanja ulikuwa unapanda hadi maji ya mvua yanashindwa kuingia." Akacheka. "Wanaume wanadhani ni udongo wao."

Umazi alikaa chini, palepale kwenye vumbi. Ladha ya komamanga ikapata maana yake: haikuwa ya mto wa Dzivani, ilikuwa ya hori. Siafu walikuwa wameonja tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama kurasa za chapati, mchanga mweusi halafu vumbi la nyayo, mchanga mweusi halafu vumbi. Haikuwa kazi ya bahari wala ya mto. Akina mama walikuwa wamelijaza tuta kapu kwa kapu, vizazi na vizazi, wakaidanganya mashine bora kuliko zote za pwani bila hata kujua ipo.

Alitaka kucheka. Lakini kutoka uwanjani alisikia watoto wakiimba wimbo wa Msusi, kwamba anakuja, anakuja.

*

Mjomba wake Tsuma, mwenyekiti wa kijiji, alimkuta akitembea peke yake mtaa wa chini, maji yakimfika vifundoni. Tsuma alikuwa mtu mrefu, mtani wa watu, lakini mpwa wake alipomweleza, akawa anautazama mlango mmoja uliobaki umesimama bila nyumba. Kwenye mwimo wa mlango huo kulikuwa na alama za kisu, moja juu ya nyingine. Ni hapo yeye na dada yake, mama wa Umazi, walipokuwa wakipimana urefu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi. Na Kadiri, nikiithibitishia."

"Basi usiithibitishie."

"Mjomba."

"Nisikilize kwanza. Msusi haji na njaa. Anakuja na chakula tumboni. Anafika, anasuka, siku ya kugundua kwamba tuta ni mchanga mtupu, ukuta umeshapita msikitini. Nani atakuja kuufumua? Tutasema tulidhani. Na kweli tulidhani!"

"Na Msusi atabaki hapa bila chakula. Nyuzi zake zitakauka. Mpaka apelekewe mchanga wa mahali pengine, Vikoni watakuwa wamekwisha. Wao ndio wanaofuata kwenye zamu."

"Vikoni nao wana wajomba wao," alisema Tsuma.

Umazi alikuwa ameionja Vikoni yeye mwenyewe, msimu uliopita. Kulikuwa na mama mmoja huko aliyempikia uji wa wimbi kila asubuhi, akiwa amesimama ndani ya maji jikoni mwake, jiko limepandishwa juu ya meza, huku akilalamika kwamba kitu kibaya kuliko vyote katika gharika ni kwamba wageni hawaketi wakatulia. Mchanga wa Vikoni ulikuwa wa wastani, ila wa kweli.

"Yule mama wa uji," alisema Umazi, "hanijui kwa baba wala kwa mama. Lakini aliuamini ulimi wangu. Nikiutumia kumzamisha, nitaonja nini tena?"

Tsuma aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayaacha yadondoke. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa na utani wake wa kawaida, ila umechoka.

"Mama yako naye alikuwa hivihivi. Alimwambia baba tuliuvunja mtungi sote wawili, hali angeweza kunyamaza." Akaweka mkono begani mwake. "Sikulazimishi. Mwenye ulimi ni wewe. Ila ombi langu moja: ukisema, sema kwa sauti. Nisije nikasikia vibaya, nikatumaini."

*

Jua likiwa bado juu, kijiji kilijipanga kuuzunguka uwanja. Wanaume upande wa msikiti, wanawake upande wa masufuria, Bwana Sikuku katikati na kinasa-tamko mkononi, kitu kidogo mfano wa kopo la tangawizi.

"Mwonjaji Umazi Mwero," alisema, akijitahidi kuwa rasmi na pilau limemlemea. "Umeonja?"

"Nimeonja."

"Tamka."

Sikioni Kadiri ilisema, "Takwimu yangu iko tayari. Ni nzuri mno. Soma tu."

Umazi aliwatazama wote. Alimwona mjomba wake amesimama wima, kidevu juu, kama mtu anayengoja sindano.

"Mchanga mzito wa Dzivani," alitamka, kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliokuwa juu ya miti, "ni haba. Hautoshi kusuka hata pima moja. Makadirio ya Kadiri yamekosea, kwa sababu tulionja uwanja huu peke yake, na mchanga wa uwanja huu hauna asili hapa. Uliletwa na mabibi-arusi wa Kirindini, kapu moja kila harusi, tangu zamani. Ladha yake ni ya mdomo wa hori. Utajiri tulioukuta hapa, mwenyewe ni Kirindini."

Kinasa-tamko kikalia mlio mmoja mdogo. Kwisha. Halirudi.

Ngoma moja, iliyokuwa imeegemezwa vibaya, ilianguka na kubingirika, na hakuna aliyeiinua. Mzee mmoja akasema, "Na pilau tumeshalila," na watu wawili watatu wakacheka kicheko cha msibani.

"Waoga-matope!" alifoka kijana mmoja. "Yaani waoga-matope ndio matajiri?"

"Ninapinga," ilisema Kadiri sikioni, kisha ikatulia kidogo, ikapitia upya ladha zote za pembeni. "Sipingi tena. Hili la makapu lingewekwa kwenye safu ipi?"

Tsuma alikuwa amesikia vizuri. Aliitikia kwa kichwa mara moja tu, akageuka kuwatazama watu wake awaambie la kuwaambia. Lakini kabla hajafungua kinywa, Bi Mejumaa alitembea hadi katikati ya uwanja, akauweka mwiko wake begani kama mkuki.

"Bwana mkaguzi. Nina swali la mjinga."

"Uliza, mama."

"Pale chini ya turubai ulisema chembe ni ya pale ilipolazwa na mawimbi. Ibebwe iendako."

"Ndiyo sheria."

"Basi mchanga huu niliosimama juu yake ni wa nani?"

Bwana Sikuku akakuna kidevu. "Kwa tamko nililolisikia sasa hivi... wa Kirindini."

"Haukutolewa zawadi?" akauliza Bi Mejumaa.

"Ulitolewa?"

"Nani aliniona nikimkabidhi mtu? Niliumwaga nicheze. Sikumgawia mwanamume yeyote, hata marehemu, na nilimpenda." Upande wa wanawake vigelegele vilianza kuchemka, vikingoja ruhusa. "Haya. Ulisema tena, ukuta wa mwenye mchanga sharti uukinge mchanga wake wote. Popote ulipo."

Mkaguzi aliutazama uwanja. Alitazama msikiti upande huu na visima upande ule, nyumba zote zimeukumbatia uwanja kama kuku na vifaranga wake. Kuukinga uwanja bila kuikinga Dzivani kungekuwa sawa na kukinga kiini cha yai na kuliacha ganda.

"Mama," alisema polepole, "Kirindini hawajaonjwa. Hawajaomba hata kuonjwa. Na anayeomba lazima awe mtu wa Kirindini."

"Uliza mfumo wako mimi ni mtu wa wapi."

Bwana Sikuku akauliza. Umazi alijua jibu kabla halijaja, na ukelele wa furaha ukaanza kumpanda kifuani. Mfumo unahesabu ukoo kwa baba. Mfumo haujui harusi.

"Mejumaa binti Mwarabu," alisoma mkaguzi, na nyusi zake zikapanda. "Wa Kirindini."

"Miaka yote hii humu ndani mmeniita mtu wa kuja," Bi Mejumaa aliwageukia wanaume, mwiko ukizunguka nao. "Nikikosea mchuzi, aa, ni matope ya kwao. Leo kumbe serikali nayo inanijua vilevile. Alhamdulillahi! Ninaomba kwetu kuonjwe. Na nani mwingine anaomba?"

Hapo ruhusa ikawa imetoka. Vigelegele vilipasuka, na wake wa Dzivani, mmoja baada ya mwingine, wazee kwa wachanga, wengine na miiko, mmoja na mtoto mgongoni, wakaingia uwanjani wakasimama juu ya mchanga wao. Upande wa masufuria ulibaki kama mdomo uliong'oka meno.

"Siahidi kitu," alipaza sauti Bwana Sikuku juu ya kelele, ingawa meno yake yote yalikuwa nje. "Siafu lazima wavuke. Mchanga wa hori ukiizidi Vikoni, Kirindini watatangulia, usipoizidi, watafuata. Na wenyewe Kirindini sharti wakubali!"

"Watakubali," alisema Bi Mejumaa. "Tutawaambia Dzivani nzima inaishi kwenye uwanja wao kwa hisani. Kwa raha ya kulisema hilo kila harusi mpaka kiama, kaka zangu wangekubali kuchimbwa hata vitanda vyao."

Umazi alicheka mpaka kionjo kikamtoka mdomoni. Chini ya miguu yao, siafu wa kwanza walikuwa wameshageukia upande wa hori, Kadiri ikiwahimiza kwa sauti ya mtu anayetaka kufuta aibu. Ladha hafifu ilianza kumjia ulimini hata bila kionjo, au pengine ilikuwa kumbukumbu tu: iliki, na nyuma yake, komamanga.

Mjomba wake alikuwa amebaki peke yake ukingoni. Alitaka kuvuka kwenda kwa mama yake, hilo lilionekana, lakini miguu ilikuwa imesimama penye mpaka wa mchanga mweupe na mweusi, mahali alipopita maisha yake yote bila kuangalia chini. Aliwatazama wanawake. Wanawake walimtazama yeye, mikono viunoni.

Tsuma, mwenyekiti wa Dzivani, akainama. Akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akaviweka pembeni vizuri, vikielekea nje kama viatu vya mgeni.

"Hodi," alisema.

Walimngojesha. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kurekebisha leso yake, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena.

"Hodi jamani," alirudia Tsuma, na safari hii sauti ilimtetemeka kwa kicheko alichokuwa akikizuia.

Bi Mejumaa alimtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi nyayoni, kama mtu anayempima mkwe asiyejulikana atokako.

"Karibu, mgeni," alisema. "Pita. Ila ukanyage taratibu. Hapa ni kwa watu."